Mraba wa Saba Kutoka Kisimani

Leo nimebomoa banda la kuku mara tatu.
Hakulia hata kuku mmoja.
Nililibonyeza, likainuka, likaning'inia hewani
kama shati la mtu asiyejua atoke au alale,
nikalishusha kando ya ghala,
nikaona limeziba mlango,
nikalinyanyua tena.

Saa nne usiku, Muhanga. Umeme umekatika tangu adhuhuri,
chaji asilimia thelathini na moja,
mvua inagonga mabati kama mtu anayedai.
Na mimi Nkwasibwe, mwana wa Kobusingye,
mrithi wa vipande vitano vya ardhi,
kimoja hapa, kimoja ng'ambo ya bonde,
kimoja chembamba kiasi kwamba jembe likigeuka
limeshaingia kwa baba mdogo,
nina shamba moja lisilokatwa,
tambarare kama meza ya karani,
na halina kesi.

Msimu wa kwanza nilipanda ovyo.
Maboga yalilala njiani,
mizinga ya nyuki ilikaa mlangoni pa ng'ombe,
kinyunyizio kimoja kikamwagilia mawe
kwa bidii ya mtumishi mpya.
Nilitembea nusu siku ya gemu
kutoka kitandani hadi kwenye pipa la kuuzia.
Basi nikachukua daftari la kikundi cha akiba
(Mama ndiye mweka hazina),
ukurasa wa nyuma, nikachora miraba.
Kinyunyizio hunywesha miraba minane inayokizunguka;
kila bustani, basi, tatu kwa tatu,
na moyo wake wa chuma katikati.

Nikapanga. Lo, nilivyopanga!
Zizi karibu na nyasi, mapipa nyuma ya nyumba,
njia ya mawe kutoka mlangoni mpaka mtoni
imenyooka kama mstari wa rula ya mwalimu.
Nikaweka taa pande zote mbili.
Nikaweka benchi, ingawa hakuna wa kulikalia.

Mama akaja na taa ya sola, akainama begani kwangu.
"Hili ndilo linalokula bando?"
Akavaa miwani. Akatazama,
kimya kile anachokagulia mbegu sokoni.

"Njia yako inateremka moja kwa moja.
Mvua ya kwanza tu, udongo wote uko mtoni."
Mama, huku mvua hainyeshi, inachorwa.
"Na kilima?"
Hakuna kilima.
Akanitazama kwa huruma ya kweli,
kama nimemwambia nimehamia nchi isiyo na chumvi.
"Na jirani anapita wapi akienda kisimani?"
Hakuna jirani. Kuna ukingo wa ramani.
"Hakuna jirani," akarudia, akavua miwani.
"Sasa utagombana na nani?"

Akaenda kulala. Nje
maji yalikuwa yakishuka tuta kwa tuta,
yakipumzika kwenye kila ukingo wa majani ya tembo
aliyoyapanda mwenyewe, mgongo wake ulipokuwa bado mnyoofu.
Nilimsikia, ukutani kwa pili, akiyasikiliza.

Asilimia kumi na tisa.
Nikaing'oa njia, jiwe moja moja,
maana gemu hairuhusu kung'oa kwa mkupuo.
Nikaipindisha kwenye maboga,
nikaipindisha tena kwenye mizinga;
imeongezeka hatua kumi na nne, nimezihesabu,
hasara tupu, mchezaji yeyote angecheka.
Nikapanda nyasi kwenye kila kona
kuzuia mvua isiyozuilika kwa kuwa haipo.

Kisha, mraba wa saba kutoka kisimani,
nikafungua ua.
Mlango mdogo tu, usioelekea popote,
unatazama ule weusi ambako ramani inaishia.
Ng'ombe mmoja akatoka,
akagonga ukingo,
akarudi.

Asilimia nne. Nikahifadhi.

Asubuhi baba mdogo alikuwa kizingitini na jembe,
matope mpaka magotini:
tuta la juu limebomoka,
haijulikani upande wake au wetu,
tuje tuone.